Kabla Hujasaini Fomu: Maswali ya Binti Aliyeambiwa Ana Saratani ya Mlango wa Kizazi

Nilikuwa na miaka 29 nilipopewa majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo kinachokatwa mwilini ili kipimwe saratani. Karatasi yenyewe haikufika hata ukurasa mmoja. Aliyeisoma ni dada yangu, maana mimi macho yaligota kwenye neno moja nikashindwa kuendelea. Siku tisa baadaye nikasaini fomu ya upasuaji. Siku hizo tisa ndizo zilizoamua mengi ya maisha yangu ya leo, nami nilizitumia vizuri kwa sababu tu dada alinunua daftari akaanza kuandika maswali. Naandika kwa ajili ya binti aliye ndani ya siku kama hizo sasa hivi, na kwa yule ambaye bado anaona damu na anaambiwa asubiri.

Nianze na wewe unayeona damu. Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, au uchafu wa majimaji wenye harufu usiokoma hata baada ya dawa. Mara nyingi si saratani. Huwa ni maambukizi, au ni njia ya uzazi wa mpango, na hiyo ndiyo sababu sisi vijana tunachelewa: maelezo mepesi yapo tayari. Tena uchunguzi wa kawaida haujatufikia. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kupimwa wakiwa na miaka 30, na wenye VVU waanze na miaka 25. Aliye chini ya hapo kengele yake ni damu hiyo hiyo.

Mimi nilipewa dawa za maambukizi mara tatu ndani ya miezi saba, na hakuna aliyenipandisha kitandani aniangalie. Mara ya nne nilimkuta muuguzi mtu mzima. Aliingiza spekulamu, kile kifaa cha kufungulia uke, akasogeza taa, akanyamaza. Akagusa kwa pamba kidogo tu, pamba ikatoka nyekundu yote. Kwa hiyo sema sentensi hii, hata kama sauti inatetemeka: "Naomba uuangalie mlango wangu wa kizazi kwa macho, leo." Nenda na kalenda yenye tarehe za damu. Na kama kuna kidonda au uvimbe unaoonekana, papsmia, kile kipimo cha seli zinazofutwa kwenye mlango wa kizazi, peke yake haitoshi hata ikija safi. Hapo panatakiwa kuchukuliwa kinyama.

Kwa wewe ambaye majibu yameshatoka, omba nakala yako, usikubali kusimuliwa tu. Tafuta aina ya saratani kwanza. Nyingi ni skwamasi, inayoanzia kwenye utando wa juu wa mlango wa kizazi, nyingine ni adenokasinoma, inayoanzia kwenye seli za kutoa ute, na kuna ya neva na homoni ambayo ni adimu, inakwenda kasi na ina tiba yake tofauti. Kisha tafuta kina, ukubwa, na kama seli zimeonekana ndani ya mishipa midogo. Usipoyaona hayo kwenye karatasi, uliza kwa nini hayapo.

Hatua yako, yaani saratani imefika wapi, itajulikana kwa kupimwa na daktari mwenyewe pamoja na picha, hasa MRI inapopatikana. Daktari wangu alichora duara mfano wa bangili nyuma ya karatasi ya rufaa, ndani yake akachora kijiuvimbe, akaandika "sm 3.4". Akanieleza kwamba ikiwa bado imo ndani ya mlango wa kizazi, sentimita 2 ni mpaka mmoja na sentimita 4 ni mpaka mwingine, na kila mpaka una milango inayofunguka na inayofungwa. Nilijifunza zaidi kwenye mchoro ule kuliko kwenye kitu kingine chochote. Mwombe wako achore.

Utakutana na takwimu, basi uzijue sawasawa. Kwa hesabu za Marekani, ikiwa saratani haijatoka kwenye kizazi, wanawake 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5. Ikiwa imefika kwenye viungo vya jirani au tezi za limfu, ni takriban 6 kati ya 10. Ikiwa imesambaa mbali, hawafiki 2. Hizo ni za wanawake wa umri wote, waliotibiwa miaka iliyopita. Mimi huzitumia kwa jambo moja: kuonyesha kwamba kuwahi kuna uzito kuliko kitu kingine chochote kilicho mikononi mwetu.

Sasa maswali yenyewe, kabla ya sahihi.

Swali la kwanza ni la watoto, hata kama hujaolewa, hata kama chumba kizima kinakutazama kana kwamba unaomba anasa. Saratani iliyoingia milimita chache tu inaweza kutolewa kwa kukata kipande cha mlango wa kizazi chenye umbo la pia. Ikiwa ni kubwa zaidi ya hapo lakini haijazidi sentimita 2, na tezi ni safi, upo upasuaji unaoondoa mlango na kuacha kizazi. Daktari Mfaransa Daniel Dargent ndiye aliyeuanzisha, na wapo waliozaa baada yake, kwa kupasuliwa, ingawa hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati huongezeka. Kwangu nafasi hiyo ilikuwa imeshafungwa. Sentimita 3.4. Ile miezi saba nimeihesabu mara nyingi sana usiku.

Swali la pili aliliuliza dada nikiwa nimeshainuka kuondoka: "Na mayai yake je?" Mionzi ya nyonga huua ovari, na binti wa miaka 29 anaingia ukomo wa hedhi ghafla, na mifupa na moyo wake vikiathirika. Lakini ovari zinaweza kuachwa, na kupandishwa juu zikae mbali na mionzi. Si kwa kila aina wala kila hatua, ila lazima liamuliwe kabla. Zangu zilipandishwa. Baada ya upasuaji tezi moja ilikutwa na seli, nikapelekwa kwenye mionzi. Bila swali lile ningezipoteza.

Uliza pia utapasuliwaje. Kwa upasuaji mkubwa wa kutoa kizazi chenye saratani hii, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliofanyiwa kwa matundu madogo, saratani iliwarudia zaidi na walikufa zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo. Kovu langu ni refu na sijalijutia.

Ukiambiwa huhitaji kupasuliwa bali mionzi pamoja na dripu za sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, usidhani umekatiwa tamaa. Hiyo ndiyo tiba ya kuponya uvimbe unapozidi sentimita 4 au kuvuka mipaka. Ila uliza: je, mionzi ya ndani, ile inayowekwa kupitia ukeni karibu na uvimbe wenyewe, ipo hapa, au nitapelekwa kwingine, na lini? Ile ya nje peke yake haitoshi. Lengo ni kumaliza yote ndani ya wiki 8, kwa hiyo nafasi ya mionzi ya ndani iandikishwe tangu siku ya kwanza ya mionzi ya nje. Upungufu wa damu nao utibiwe mapema. Na sigara, kama unavuta, iishie hapo.

Kuna mambo ya baadaye ambayo mimi sikuambiwa na mtu. Kibofu hulala kwa muda baada ya upasuaji; nilijifunza kukojoa kwa saa ukutani, si kwa haja. Uke hubana baada ya mionzi, na vipo vipanuzi vya plastiki vya kuuzuia usizibe, vinavyotumiwa mara kadhaa kwa wiki. Niliviomba kwa kunong'ona, mtaalamu akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, na aibu ikaniisha palepale. Ovari zikishindwa, uliza habari za homoni. Kwa aliyekuwa na skwamasi kwa kawaida si marufuku, na kwa kijana ni kinga ya mifupa.

Kliniki za kurudi huwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha zinaachana, kwa kuwa saratani hii ikirudi hurudi zaidi ndani ya miaka hiyo ya mwanzo. Ila damu ikionekana tena, mguu mmoja ukivimba, au maumivu ya nyonga yakikuamsha usiku, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kesho asubuhi, na daftari mkononi.