Kumwandikisha mtoto awali kijijini: angalia nini kwanza

Kwa sisi wa vijijini huku Tanzania awali ya serikali, yaani darasa la kabla ya la kwanza, haina machaguo mengi, ni lile darasa lililo ndani ya shule ya msingi au shule shikizi, yaani tawi dogo la shule hiyo, kama shule mama iko mbali, basi. Vituo vya kulelea watoto mchana ni habari nyingine, hivyo vipo chini ya ustawi wa jamii.

Ada hakuna tangu elimu bila ada ianze 2016, ila uji wa watoto mara nyingi ni mahindi na sukari za wazazi, kwa hiyo uliza mapema kikao cha wazazi kilikubaliana nini. Cheti cha kuzaliwa kama hauna usikae nyumbani kusubiri, muone mwalimu mkuu.

Sasa utajuaje kama wanafundisha kweli? Watu wengi wanakimbilia matokeo ya darasa la saba, yale hayakwambii chochote kuhusu awali maana awali haina mtihani wa taifa. We nenda asubuhi siku ya kawaida, sio siku ya kikao, omba ruhusa ukae nyuma ya darasa hata nusu saa. Hesabu vichwa. Mwongozo ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ila ukikuta 80 usishangae, ndo hali halisi, cha kuangalia ni anafanya nao nini: kama wote wanaimba a e i o u na wa nyuma wanasinzia hapo hamna kitu, ila kama kawagawa makundi, hawa wanahesabu vizibo vya soda, wale wanaandika mchangani kwa vijiti, huyo mwalimu msimwachie aondoke. Kona za kujifunzia, zile pembe za darasa zenye vifaa vya watoto, nazo zichungulie, vifaa vimechakaa kwa kushikwashikwa au vimetundikwa juu vina vumbi?

Halafu uliza huyo mwalimu anakaa darasani mwaka mzima au anachukuliwa kuziba pengo darasa la nne kwa sababu kule kuna mtihani. Hili linaua awali kuliko uhaba wa madawati, lipelekeni kamati ya shule. Na ukitaka ukweli mtupu muulize mwalimu wa darasa la kwanza, yeye ndo anawapokea, anajua wanaokuja wameshika penseli na wasioshika.

Shule mbili zikilingana chukua ya karibu, masika ikianza mtoto wa miaka mitano havuki korongo.