SOMO: Gari linakula mafuta? Pima kwanza, fundi baadaye

Wakuu habari zenu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakishatangaza bei kikomo za mafuta, maswali huwa yaleyale: "IST yangu inakula mafuta, nifanyeje?" Wengi wanauliza wakati pesa imeshatoka. Mwingine kanunua kichupa cha kumwaga kwenye tanki, mwingine kafungiwa sumaku kwenye bomba la mafuta, mwingine kabadilishiwa plagi ambazo hazikuwa na tatizo.

Somo hili linakwenda kwa hatua, na naomba usiruke, kwa sababu za mwanzo ni za bure. Nazungumzia magari ya petroli tuliyonayo wengi hapa Dar: IST, Vitz, Passo, Raum, Premio, Noah. Dizeli tuiache kwa leo.

Hatua ya 1: Jua linakula kiasi gani

Mshale wa mafuta kwenye dashibodi si kipimo. Nenda sheli, jaza tanki mpaka bomba lijikate lenyewe, halafu mwambie mhudumu aishie hapo hapo. Asiongeze ili hela iwe kamili. Rudisha kilomita za safari kwenye sifuri. Endesha kama siku zote. Mafuta yakishuka chini ya nusu, rudi sheli ileile, jaza tena mpaka bomba lijikate. Chukua kilomita ulizotembea, gawanya kwa lita zilizoingia. Umetembea kilomita 280, zimeingia lita 25? Gari lako linakwenda kilomita 11.2 kwa lita.

Anayeweka mafuta ya elfu kumi kumi naye anaweza kupima. Tunza risiti zote, jumlisha lita zake. Cha msingi ni kwamba mwanzo na mwisho tanki liwe limejaa.

Andika na njia unayopita. Mtu anayetoka Mbezi Mwisho kwenda Posta saa moja asubuhi hawezi kulinganisha namba yake na ya mtu anayetoka Bunju saa tano gari likiteleza. Na ile namba ya kwenye brosha ya Japani isikupe presha, ilipatikana kwenye majaribio, si kwenye foleni ya Buguruni. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita.

Hatua ya 2: Upepo wa matairi

Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko. Kama kimeandikwa kPa 220, hiyo ni kama psi 32. Pima asubuhi kabla hujatoka, maana tairi likishapata joto namba inapanda na kukudanganya. Usimwachie kijana wa pancha akukadirie kwa jicho.

Faida yake kwenye mafuta si ya kushangaza. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi 1 inayopungua kwenye matairi inakula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ukiwa umepungukiwa psi 10 umepoteza asilimia 2 hivi, na juu yake tairi zinaisha kingo. Ni kidogo, lakini ni bure.

Hatua ya 3: Mguu wako

Hapa ndipo penye hela. Idara hiyohiyo inasema uendeshaji wa papara unaweza kupunguza kilomita unazopata kwa lita kati ya asilimia 10 na 40 kwenye foleni za simama-nenda. Hakuna kichupa kitakachokupa hiyo.

Angalia foleni ya Mandela kuelekea Ubungo. Gari la mbele linasogea mita thelathini, wa nyuma anakanyaga kama yuko mashindanoni, halafu anapiga breki. Mafuta yote aliyochoma kupata ile kasi yamegeuka joto kwenye breki pedi. Gari la otomatiki ukiachia breki linatambaa lenyewe; liache litambae. Acha nafasi mbele yako. Najua mtaniambia bajaji zitachomekea. Ndiyo, zitachomekea, tatu au nne, na wote mtakutana kwenye taa zilezile.

Ukiona taa nyekundu kwa mbali, toa mguu mapema, gari likiwa kwenye gia. Na hapa nitagombana na madereva wa zamani: acheni kutia free, yaani nyutro, kwenye mteremko. Kwenye gari la EFI, yaani linalopuliza mafuta kwa kompyuta, ukitoa mguu kwenye mafuta huku gia imeshika, control box (kompyuta ya injini) inakata mafuta kwenye nozeli kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitia free, injini inabaki peke yake na inahitaji mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka Kimara kwenda Ubungo akiwa free anachoma mafuta zaidi ya aliyeacha gia, na breki zake zinabeba uzito wote. Enzi za kabureta hesabu ilikuwa nyingine.

Ukitoka nje ya mji, kumbuka upepo. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, upinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili. Keria ya juu isiyobeba kitu iteremshe.

Kusubiri mtoto nje ya shule injini ikinguruma na AC ikipuliza, gari dogo linaweza kumaliza kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa. Zima.

Hatua ya 4: Thamostati (someni hii taratibu)

Ukweli ni kwamba hii ndiyo iliyonifanya niandike. Gari lilichemsha siku moja, fundi akafungua, akatoa thamostati, akatupa. Sababu yake: "Hii ni ya nchi za baridi, huku joto tunalo." Gari likaacha kuchemsha, mteja akashukuru, na miezi miwili baadaye analalamika mafuta.

Kinachotokea ni hiki. Thamostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, nyuzi 80 na kitu. Ikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na injini inachelewa sana kupata moto. Safari ya Sinza hadi Mwenge inaweza kuisha haijafika. Sensa ya joto la maji inaiambia control box kuwa injini bado baridi, nayo inaongeza petroli kama ndiyo kwanza umewasha alfajiri. Petroli isiyoungua inapita pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oil. Unalipa sheli, halafu unakuja kulipa gereji.

Joto la Dar halibadilishi hilo. Nyuzi 32 za nje ziko mbali sana na 80 na kitu za ndani ya injini.

Kupima ni rahisi. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari akuonyeshe joto la maji mkiwa barabarani, gari likiwa limeshatembea dakika ishirini. Namba ikicheza kwenye 85 hadi 95, uko salama. Ikiwa 60 au 70 na inashuka kila mkiongeza mwendo, thamostati haipo au imekwama wazi. Baadhi ya Toyota ndogo zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Ikichelewa sana kuzima, shuku hapo hapo.

Ila kabla hujarudisha thamostati, tafuta kilichofanya gari lichemshe ile siku. Mara nyingi ni rejeta iliyoziba, mfuniko wake uliochoka, feni isiyozunguka, au maji ya kisima yaliyokula vyuma. Weka coolant, usiweke maji ya bomba.

Hatua ya 5: Vilivyobaki gereji

Oil: fuata kitabu cha gari. Injini nyingi ndogo za Toyota zinataka 5W-30 au nyepesi zaidi, lakini dukani utaambiwa chukua 20W-50 "isiungue". Oil nzito inaipa injini kazi ya bure. Kama injini inakula oil kweli, huo ni ugonjwa mwingine.

Filta ya hewa: kwenye EFI, filta chafu inapunguza nguvu kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu control box inapima hewa inayoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Badilisha kwa ajili ya vumbi la njia za mtaani kwetu, usitegemee muujiza.

Taa ya cheki injini ikiwaka, ipimwe. Sensa ya oksijeni ikifa inaweza kukupandishia mafuta vibaya sana. Na fundi anayekushauri utoe masega ya ekzosi, kile kisafisha moshi chenye madini ya thamani ndani, ili "gari lipumue", muulize atakulipa shilingi ngapi kwa hayo masega.

Mwisho, breki zinazoshika. Ukifika nyumbani gusa kila rimu kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hapo umekuwa ukiendesha huku umebana breki.

MASWALI

Mdau wa Goba: Mkuu, ni kweli ukiweka mafuta alfajiri unapata mengi kwa sababu ya ubaridi?

Hapana. Tanki la sheli liko ardhini, joto lake halibadiliki kiasi hicho kati ya alfajiri na mchana. Lala.

Dada wa Tabata, Noah: AC au vioo wazi? Mume wangu ananizimia AC kila siku.

Dada, mjini kwenye mwendo mdogo shemeji yuko sahihi kwa upande wa mafuta. Barabara kubwa ukifika 80 na kuendelea, funga vioo uwashe AC, kwa sababu upepo unaoingia ndani unalivuta gari nyuma. Gari likiwa limekaa juani, tembea kidogo vioo wazi joto litoke, ndipo ufunge na uweke hewa izunguke ndani. Mwezi wa pili lakini, mwambie awe na huruma.

Mdau wa Kigamboni, Vitz ya CVT: Fundi kaniwekea ATF ya kawaida, yaani oil ya gia boksi za otomatiki. Tangu hapo gari zito na linakula mafuta.

Usiendelee kuliendesha hivyo. CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ina mafuta yake maalumu, na ndani kuna mkanda unaotegemea mafuta hayo ili usiteleze. Yamwagwe, yawekwe yanayoandikwa kwenye kitabu. Petroli inayozidi kuliwa ndiyo hasara ndogo hapo. Gia boksi ndiyo kubwa.

Dereva wa teksi ya mtandao, Mbagala: Nifunge mfumo wa gesi?

Kwa anayezunguka mjini kutwa nzima kama wewe, gesi ina maana, na unaona wenzako wengi wamefunga. Mtu wa kazini na nyumbani tu atachelewa kurudisha gharama ya mtungi. Piga hesabu ya buti litakalomezwa, uzito wa mtungi, na muda wa foleni za kujaza. Funga sehemu inayotambulika. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wamekuwa wakifanya kazi hiyo. Na usifunge gesi ili kuficha ugonjwa: plagi na koili mbovu zinajionyesha zaidi kwenye gesi kuliko kwenye petroli.

Mdau wa Ukonga: Nimepima kama ulivyosema. IST, kilomita 7 kwa lita, foleni ya Nyerere Road kila siku. Fundi anasema tubadilishe nozeli zote nne.

Asibadilishe chochote kwanza. Foleni ile ni nzito, lakini 7 ni ndogo hata hivyo. Angalia upepo, gusa rimu, halafu mwambie asome joto la maji mkiwa mnatembea pamoja na kodi (code) za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Niletee hizo namba, ndipo tuzungumze kuhusu nozeli.