Jinsi ya kusoma barua ya mbunge wa Republican anapokuambia amefanya nini Washington

Kama unakaa Texas, Ohio, Kentucky au Iowa na uliwahi kuacha imeili yako ofisi ya mbunge wako, hizi barua unazijua. Picha ya mheshimiwa kasimama na wakulima, bendera nyuma, halafu ushindi juu ya ushindi: mpaka umedhibitiwa, kodi zimeshuka, matumizi ya hovyo yamekatwa, nchi imerudi kwenye mstari. Watu wetu wengi, sisi tunaozungumza Kiswahili huku Marekani, ama wanaifuta bila kusoma maana "hao sio wetu", ama wanaimeza nzimanzima afu jioni inaingia kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya ikiwa imeshageuka kitu kingine kabisa. Mi naona zote mbili ni hasara, maana humo ndani kuna mambo ya mfuko wako.

Anza na vitenzi. Achana kwanza na maneno makubwa, tafuta mheshimiwa anasema alifanya nini hasa. "Nimewasilisha mswada" ni jambo dogo sana, mbunge yeyote anawasilisha anachotaka na mingi inafia kwenye kamati hakuna hata anayeizika. "Nimeunga mkono" ni dogo zaidi. "Tumepitisha" ndo inayochanganya watu, kwa sababu Congress ina nyumba mbili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, na yeye yuko kwenye moja. Mfano mzuri ni SAVE Act, ule mswada wa kudai ushahidi wa uraia unapojiandikisha kupiga kura, Baraza la Wawakilishi liliupitisha tarehe 10 Aprili 2025 kwa kura 220 kwa 208, barua zikajaa "tumepitisha" na watu wakaanza kutafuta pasipoti, wakati kupita kule peke yake hakuufanyi kuwa sheria, kule Seneti mswada wa kawaida unataka kura 60 ili mjadala ufungwe na Republican walikuwa na viti 53 tu. Linganisha na Laken Riley Act, ya kuwashikilia watu wasio na karatasi waliokamatwa kwa makosa kama wizi hata wa dukani: hiyo ilisainiwa 29 Januari 2025, na Democrats 46 kwenye Baraza na 12 kwenye Seneti waliipigia kura ya ndiyo. Hiyo ni sheria, inafanya kazi, na sio kazi ya chama kimoja peke yake, ingawa barua haitakukumbusha hilo.

Kuhakikisha ni rahisi. Ingia congress.gov, andika jina la mswada, kuna kijimstari kinaonyesha umefika wapi. Kama haijaandikwa kwamba umekuwa sheria, basi bado ni mazungumzo.

Sasa uliza hii ni toleo gani. Hapa ndo watu wetu walipopigwa chenga kwenye ile sheria kubwa ya Trump, One Big Beautiful Bill Act, iliyosainiwa 4 Julai 2025. Unakumbuka kelele za kodi ya kutuma pesa nyumbani? Rasimu ya kwanza ilikuwa na asilimia 5, toleo lililopita Baraza la Wawakilishi mwezi Mei likawa na 3.5 na raia wakasamehewa, Seneti ikaishusha mpaka asilimia 1 lakini ikaondoa ule msamaha wa raia, kwa hiyo aliyesoma barua ya Mei akalala anajua kitu ambacho hakipo. Kilichobaki kwenye sheria ni hivi: kuanzia 1 Januari 2026, ukienda kwa wakala na pesa taslimu au money order kutuma nje unakatwa asilimia 1, uwe raia, una griini kadi au huna chochote. Ukituma kutoka kwenye akaunti yako ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa na benki ya humu humu, hukatwi. Mama anayetuma dola 300 Mombasa kwa keshi analipa dola 3, jirani yake anayetuma kiasi kilekile kwa kadi yake ya benki hiyo kodi haimgusi. Basi.

Cha kusoma kwa makini kuliko vyote ni majina ya mafanikio yenyewe, maana jina huwa kubwa kuliko sheria. "Hakuna kodi kwenye ovataimu". Ndugu zangu wa maghala na nyumba za wazee, hii ni yenu, ikalieni vizuri. Tuseme unalipwa dola 20 kwa saa, ovataimu dola 30, ukapiga masaa 10 ya ziada, umeingiza dola 300. Unadhani zote 300 hazina kodi? Hapana, kinachoondolewa kwenye mapato ya kupigiwa kodi ni ile nyongeza tu, dola 10 juu ya kila saa, yaani dola 100, na kama uko kwenye daraja la asilimia 12 umeokoa dola 12. Makato ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, na Medicare, matibabu ya wazee, yanaendelea kama kawaida, tena kwenye zote 300. Kuna kikomo cha dola 12,500 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na faida yenyewe ni ya mwaka wa kodi 2025 mpaka 2028 tu. Sisemi ni kitu kibaya, dola 12 ni dola 12 na mwaka ukiisha zinakusanyika, ila mheshimiwa hajakudanganya wala hajakuambia yote. Bakshishi nayo hivyohivyo, kikomo dola 25,000. Na wazee waliosikia Social Security haina kodi tena, walichopata ni punguzo la mpaka dola 6,000 kwa wenye miaka 65 kwenda juu, na linapungua kadri kipato kinavyopanda.

Tarehe nazo zina siasa yake. Angalia kwenye sheria hiyohiyo: punguzo za kodi zilianza kuhesabiwa mwaka 2025, lakini sharti la kufanya kazi, kusoma au kujitolea masaa 80 kwa mwezi ili watu wazima wengi waliopata Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa upanuzi wa Obamacare waendelee kuipata, hilo majimbo yalipewa mpaka mwanzo wa 2027. Katikati yake kuna nini? Uchaguzi wa Novemba 2026. Tamu mbele, chungu nyuma, na kwenye barua utaona tamu tu.

Kuna pia vitu ambavyo havitajwi kabisa au vinapita kwa neno moja kama "tumelinda misaada kwa wanaostahili". Chini ya hilo neno kuna wakimbizi na waliopewa hifadhi, waliotolewa kwenye SNAP, ile ya chakula, mpaka wapate griini kadi. Familia za Wakongo waliotoka kambi za Kigoma na Kakuma kwenda Kentucky au Texas zimeguswa hapo moja kwa moja, na aliyesoma barua asingejua kama mstari huo unamhusu.

Lakini usisome kwa hasira tu, hapo nitatofautiana na wengi. Mhafidhina ana mantiki yake: serikali iwe ndogo, msaada ufuate kazi, mpaka ulindwe, familia na uhai wa mtoto aliye tumboni viheshimiwe, na nikiwa mkweli nusu ya watu wetu makanisani na misikitini wanakubali sehemu kubwa ya hayo. Kwa hiyo mpime kwa kipimo chake mwenyewe. Kama anahubiri deni la taifa, muulize alipigaje kura tarehe 3 Julai 2025, siku sheria ile ilipopita Baraza 218 kwa 214, huku ofisi ya bajeti ya Congress, CBO, ikisema inaongeza nakisi kama dola trilioni 3.4 kwa miaka kumi. Mbunge wa Republican Thomas Massie wa Kentucky alikataa kwa sababu ya deni, akakataa kweli, na Trump akamshukia. Wengine walilia deni wiki nzima, siku ya kura wakasema ndiyo. Ukiambiwa gharama ni sifuri ujue walibadilisha pa kuanzia kuhesabu: wanahesabu kana kwamba punguzo za 2017 zingeendelea milele, wakati kisheria nyingi zilikuwa zinaisha mwisho wa 2025.

Seneta Josh Hawley wa Missouri naye ni somo zima. Mei 2025 aliandika gazetini kupinga kukata Medicaid, 1 Julai akaipigia ile sheria kubwa kura ya ndiyo (ilipitishwa kwa njia ya bajeti isiyodai zile kura 60, ikapita 51 kwa 50, makamu wa rais JD Vance akavunja sare), na katikati ya mwezi uleule akawasilisha mswada wa kufuta sehemu ya makato hayohayo. Sasa fikiria ukisoma barua inayotaja ule mswada peke yake, utasema huyu ndo mtetezi wetu. Seneta mwenzake Thom Tillis wa North Carolina aliyelalamikia Medicaid vilevile alipiga hapana, akatangaza hagombei tena. Kura za mbunge wako ziko clerk.house.gov, za maseneta ziko senate.gov, jina kwa jina.

Ukishamaliza, pigia ofisi. Ubao wa simu wa Capitol ni 202-224-3121, taja zipu kodi yako, watakuunganisha. Huhitaji kuwa raia, unakaa kwenye jimbo lake basi wewe ni mtu wake. Uliza swali moja lenye jina la sheria na kipengele, mfano "mheshimiwa anasemaje kuhusu wakimbizi kutolewa SNAP", maana ukipiga kulalamika kwa ujumla kijana wa mapokezi anaandika "amelalamika" na imeishia hapo. Na kama una kesi imekwama uhamiaji, ofisi ya jimboni, sio ya Washington, ndo inayofuatilia, watakupa fomu ya ruhusa usaini. Wanafuatilia bila kuuliza ulimpigia nani kura.