Kutega kamera msituni

Ukitaka kupiga picha za wanyama kwa kamera inayojifyatua yenyewe wanapopita, usianze na kamera, anza na nyayo. Mimi hutafuta kinyesi kibichi au njia iliyokanyagwa hadi udongo ukang'aa, ndipo naifunga kamera kwenye mti usioyumba, usawa wa goti, ikiitazama njia kwa mshazari. Ikiitazama njia kwa kuikata, mnyama anayekimbia atakuachia mkia tu. Isielekee mashariki wala magharibi, jua litaharibu picha.

Halafu fyeka nyasi zote mbele ya lenzi. Kihisi, yaani sehemu inayoifyatua kamera, hushtuliwa na joto linalosogea. Majani yaliyopata jua yakitikiswa na upepo yaliwahi kunijazia kadi nzima picha tupu. Wiki mbili zikapotea, iliniuma sana.

Ndege wategee kamera penye kidimbwi, mita mbili hivi kutoka majini, na uchague video kwa kuwa ni wepesi mno. Kiotani usitege kamwe: wazazi huweza kukihama.