Mnanaa mkavu: harufu isikutoroke

Mwaka wa kwanza nilianika mnanaa wangu juani, juu ya kiroba, nyuma ya nyumba hapa Ipagala. Jua la Dodoma halina masihara. Kufika saa kumi jioni majani yalikuwa meusi, yananuka kama nyasi za mbuzi. Nikayachemsha hivyo hivyo nikanywa: maji ya moto yenye rangi. Harufu ile ndiyo mafuta, na mafuta ndiyo dawa. Yakipaa, umebaki na takataka.

Kwanza uwe mmea wenyewe, maana sokoni Majengo kila kitu ni "nanaa". Ninaoutaka mimi shina lake lina uzambarau, jani lina kikonyo kifupi, na ukilitafuna kinywa kinapoa. Ule mwingine jani limegandia shinani, ladha tamu, ubaridi hamna. Huo tia kwenye chai. Mbegu usihangaike nazo, huu ni chotara na mbegu zake haziaminiki. Omba jirani kipande cha shina chenye mizizi, panda kwenye ndoo iliyotobolewa chini, mwagilia maji ya kuoshea mchele.

Kata asubuhi umande ukishakauka, kabla haujatoa maua. Osha vumbi upesi, kung'uta, tandaza kwenye ungo ndani ya nyumba, mahali penye kivuli na hewa. Julai na Agosti upepo wetu unaleta vumbi hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, kwa hiyo ungo nafunika kwa pazia jepesi. Chandarua cha zamani usithubutu, kina dawa ya mbu. Siku nne tano kiangazi zinatosha. Masika hesabu zaidi, na geuza kila siku yasiote ukungu. Kijiti kikivunjika "ka!" badala ya kupinda, tayari. Tia kwenye chupa kavu ya glasi, funga, weka kabatini gizani. Majani yabaki mazima, utayavunja siku ya kunywa.

Kikombe kimoja kinataka kijiko cha chakula cha majani yaliyovunjwa, gramu 1.5 hivi, na maji yanayochemka mililita 150. Usichemshe majani. Mimina maji, funika kwa kisahani, subiri dakika 10. Ukifunua utaona matone yamening'inia chini ya kisahani, yananukia kuliko kikombe chenyewe. Yarudishe humo. Mimi hunywa baada ya ugali wa uwele na maharage, tumbo likianza kujaa gesi. Kwa siku sizidishi vikombe vitatu.

Baba mkwe alikuwa na kiungulia, nikampa kikombe kabla ya kulala. Usiku wa manane akaita: "Mwanangu, umeninywesha moto!" Kumbe mnanaa hulegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi ikapanda kooni. Siku hizi anakunywa uji wake tu, na chupa yangu anaitazama kwa jicho la pembeni. Mwenye kiungulia aache, na mwenye mawe kwenye nyongo amuulize daktari kwanza. Mwenye upungufu wa damu asinywe pamoja na chakula, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Asubiri saa moja au mbili. Mtoto mchanga usimpake mafuta ya mnanaa usoni wala puani, yanaweza kumbana pumzi. Na tumbo linalouma siku nenda rudi, au choo chenye damu, hilo ni la zahanati.

Chupa ikifikisha mwaka, sugua jani moja kiganjani, unuse. Likiwa kimya, mwaga kwenye mboji.