Dawa ya ukungu na watoto wa kamba mikokoni

Wakulima wenzangu wa pwani, mnaolima nyanya, tikiti na hoho kule Rufiji, Kibiti na Mkuranga, leo tuongee kuhusu kamba wa baharini. Najua utasema mimi na kamba wapi na wapi, mimi napiga dawa ya bakajani, yaani ukungu unaobabua majani, sio ya wadudu. Ndo hapo wengi tunapokosea.

Kamba anataga baharini, ila kitoto hata sentimita 2 hakijafika kinaingia na maji kujaa mpaka mikokoni, kinakaa humo miezi kadhaa ndo kirudi baharini. Na wanajaa humo msimu wa mvua, wakati huohuo bakajani inatusumbua na tunapiga dawa kila wiki. Sasa hako kadogo kanajivua gamba kila baada ya siku chache, kakishajivua mwili unakuwa laini na unanyonya maji, kilichomo kwenye maji kinaingia nacho. Kopa, yaani dawa ya ukungu yenye shaba, ikizidi inaharibu matamvua, na azoksistrobini, dawa nyingine inayozuia ukungu usitengeneze nguvu ya kuishi inamzuia na kamba vilevile. Klorothalonili, nayo dawa ya ukungu, ilipimwa Marekani kwa aina ya kamba wadogo wa pwani, watoto walikufa kwa kiwango kama theluthi tu ya kile kinachoua wakubwa.

Halafu kuna hii rangi ya chini ya lebo inatudanganya sana. Kijani au bluu inaonyesha hatari kwa binadamu, haisemi kitu kuhusu kamba. We angalia kama kuna picha ya samaki aliyekufa na mti mkavu, hiyo ukiiona kaa nayo mbali na maji.

Kuna siku nilimkuta kijana kamaliza kupiga kopa, akainamisha bomba kwenye kijito akawa analisuuza, maji yakatoka rangi ya bluu kijani yakateremka taratibu kuelekea mikokoni, na huko chini kina mama wameshika shuka wanatanda uduvi. Iliniuma, maana yule kijana hana ubaya wowote, hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwahiyo bomba lisuuzie shambani, mara 3, na maji yake mwagia kwenye mimea uliyopiga. Wingu likiwa zito acha, mvua itaiosha dawa yote na hela yako imeenda. Usipime kwa kukadiria na kifuniko, tumia kipimo cha lebo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 toka ukingo wa mto au bahari, pale acha nyasi zichuje. Nyanya zisimike miti, toa majani ya chini, tandaza nyasi kavu ili tope lisirukie majani, utashangaa dawa inavyopungua.

Na wenye majaruba yanayofikiwa na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, msipige siku za bamvua, subirini maji mafu, yale yanayojaa kidogo, na mkishapiga zibeni mlango wa jaruba maji yasitoke.