Kumlea mjukuu wa Maskati kwa Kiswahili

Daftari liache. Mwite jikoni, mpe mbuzi akune nazi, umwagize kwa Kiswahili tu: tui zito weka kando, jepesi chemshia muhogo, lile zito litatiwa mwisho. Akijibu kwa Kiarabu, usimgombeze. Wewe endelea na Kiswahili chako.

Akiuliza kwa nini, mwambie kweli: wazee wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi waliingia Oman tangu 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi. Nyumba waliziacha, lugha wakaja nayo. (Wanangu hunicheka, lakini wakigombana hugombana kwa Kiswahili.)

Ijumaa baada ya sala mpigie shangazi yake wa Unguja, umpe mtoto simu, kisha ondoka.